Inchi Yetu Inashinda Zote? Maneno juu ya Sifa, Udongo na Kazi ya Wazee

Mu muji wetu wa Lubumbashi, hakuna mazungumuzo yenye kupendwa kama yale ya kulinganisha inchi. Mu busi, ku matanga, ku kilabu ya pombe, mbele ya redio mupira ukiisha, mutu mumoja atasema: « Hakuna inchi kama Kongo! Mungu alipogawanya mali, sisi alitupimia mara mbili. » Mungine atajibu palepale: « Kama ni vile, juu ya nini tunalala na njaa? » Wote wanacheka, kila mutu anarudia kwake, na ulizo linabakia. Ku masomo ni vilevile. Sisi walimu wa historia tunaulizwa na wanafunzi, zaidi wale wa kalasi ya sita wenye kuwaza Zambia, Afrika ya Kusini ao Ulaya: « Mwalimu, kweli inchi yetu ni nzuri kushinda zingine, ao ni maneno ya kutufurahisha tu? »

Ulizo hilo si la muchezo. Kijana mwenye kuamini kama inchi yake ni ya kwanza bila kufanya kitu, hatafanya kitu. Na kijana mwenye kuamini kama inchi yake imelaaniwa, yeye naye hatafanya kitu. Atatafuta njia ya kuondoka. Kwa hiyo tumeona vizuri tulipime neno hili kwa utaratibu, kufuata historia na hapana kufuata moyo peke yake. Tutaangalia kwanza sifa hiyo ilitoka wapi, kisha ilitumika namna gani, na mwishoni tutasema kile tunawaza.

1. Sifa ilitoka kinywani mwa nani?

Mutoto wa Katanga anajifunza mapema kama inchi yake ni « scandale géologique ». Neno hilo linahesabiwa kwa Jules Cornet, Mubelgiji mujuzi wa mawe, ambaye alifika Katanga mwaka 1892 pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Alipima milima, akaona shaba imejaa kupita kiasi, na mbele ya wingi ule akakosa neno lingine. Tangu siku ile tumelishika kama taji ya kichwa. Lakini wengi wetu hatujalitafsiri. « Scandale » kwa Kiswahili ni kashfa, ni jambo la kushangaza mupaka kuleta haya. Ni neno la ajabu kwa kusifu inchi.

Tuangalie tarehe. Tarehe 20 Desemba 1891, ku Bunkeya, mufalme M'siri wa Wayeke aliuawa kwa risasi na kapiteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, kwa sababu alikataa bendera ya Leopold II. Bodson naye alikufa siku ileile. Mwaka uliofuata, Cornet anapima shaba. Ni kusema, mwenye nyumba aliuawa kwanza, kisha mali ya nyumba ikahesabiwa, na ile hesabu ndiyo tunaita sifa yetu. Cornet mwenyewe alikuwa mutu wa elimu na kazi yake ilikuwa kweli. Lakini wenye kumutuma hawakutafuta inchi nzuri. Walitafuta inchi yenye faida. Leopold II alikuwa amepewa Kongo mwaka 1885, kisha mukutano wa Berlin, na mupaka mwaka 1908 aliitawala kama shamba lake mwenyewe. Watu wa kule kwenye kauchuu, ku Equateur na kwingine, waliona maana ya inchi tajiri: kukatwa mikono, kuchomewa mugini, kufungiwa bibi na watoto mupaka bwana alete kilo zake. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement ilitangaza mambo yale mbele ya dunia.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: sifa ya utajiri wa inchi yetu ilisemwa kwa nguvu zaidi na watu waliotaka kuuchukua. Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuongeze: angalia pia ni nani anayesifu mali yako, na mukono wake uko wapi wakati anasifu.

2. Mbele ya Cornet, kuliko nini?

Watu wengine wanasema kama wazungu ndio walivumbua shaba ya Katanga. Si kweli, na ni vizuri mutoto ajue. Miaka mingi sana mbele yao, wazee wetu walichimba jiwe la kijani, wakalivunja, wakalichagua, wakajenga tanuru na udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakapuliza na mivukuto mupaka shaba inatiririka kama maji. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia mu gala. Haikuwa kazi ya kila mutu. Kulikuwa mafundi, kulikuwa siri, kulikuwa miiko na sherehe. Wale mafundi waliitwa walaji wa shaba, kwa sababu kwa ile kazi mutu alikula na jamaa yake ilikula.

Kutoka mu tanuru zile kulitoka misalaba ya shaba. Wajuzi waliochimba makaburi ya zamani ku ziwa Kisale na mu bonde la Upemba, kama Jacques Nenquin mwaka 1957 na 1958 ku Sanga, kisha Pierre de Maret mu miaka ya 1970, waliikuta misalaba ile pamoja na mifupa ya wazee. Kwa wakati fulani misalaba ilianza kuwa midogo na ya kipimo kimoja, na wajuzi wanaona hapo alama ya feza: watu walikuwa wanauziana na kulipa mahari kwa shaba waliyoyeyusha wenyewe. Misalaba ileile iliwekwa mu bendera ya Katanga mwaka 1960, wakati wa kujitenga.

Tunataka musomaji aone tofauti. Kwa Cornet, ajabu ilikuwa mulima. Kwa wazee, shaba iliyolala mu mulima haikuwa sifa ya mutu. Sifa ilikuwa ya fundi aliyejua kuitoa. Hata maneno yanaonyesha: hawakujiita « wenye shaba », walijiita « walaji wa shaba », ni kusema watu wenye kuitumia. Mutu akikaa juu ya mulima wa shaba bila kuijua, wazee wasingemusifu, wangemucheka.

3. « Koloni ya mufano », kisha « Zaire ya kiasili »

Kisha mwaka 1908, Ubelgiji ulianza wimbo mupya: Kongo ni koloni ya mufano, inashinda koloni zote za Afrika. Na kusema haki, kulijengwa vitu vya kuonekana. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906, Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Reli, hospitali, masomo ya misioni, kambi za wafanyakazi zenye kupangwa sawasawa: wazee wetu wengine mupaka leo wanasema, « Wakati wa Wabelgiji bukari ilikuwa ya kweli. » Hatutawakatalia kile waliona na macho yao.

Lakini sifa ile ilikuwa na upande mungine. Mu Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waliomba mushahara uongezwe, maana vitu vilipanda bei na kazi iliongezwa kwa ajili ya vita. Tarehe 9 Desemba walikusanyika ku uwanja wa mupira wa Elisabethville, na waaskari wakawapiga risasi. Musemaji wao Léonard Mpoyi alikuwa kati ya waliouawa. Mu ile miaka ya vita, uraniamu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikwenda Marekani, na sehemu kubwa ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya Agosti 1945 ilitokana na jiwe letu. Dunia nzima ilijua nguvu ya ile jiwe. Wale waliolichimba na mikono hawakuambiwa walikuwa wanashika nini. Na tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, koloni ya mufano ilikuwa na Wakongomani wenye diploma ya universite wachache sana, hawakutosha kujaza kalasi moja ya masomo yetu ya leo. Sasa mufano wa nini?

Baadaye Mobutu naye alituimbia. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi iliitwa Zaire, na tukaambiwa kama tumerudia asili yetu. Watu walibadilisha majina, wanaume wakavaa abacost, watoto wa masomo na wafanyakazi wakacheza kila mara kwa kusifu chama na mukubwa wake. Lakini jina lenyewe Zaire lilikuwa ginsi Wareno walivyosikia vibaya neno la Kikongo nzadi, yaani muto mukubwa. Tuliambiwa turudie kwetu kwa njia ya neno lililoharibiwa na wageni! Mu Novemba 1973 kukaja kutaifisha maduka na mashamba ya wageni; mengi yakapewa wakubwa wa chama, na ku miezi michache tu maduka yakabakia na mbao tupu. Wimbo uliendelea.

Hatusemi kama kila kitu cha ule wakati kilikuwa kibaya. Leopards walishinda Kombe la Afrika mwaka 1968 na 1974, TP Englebert wakashinda kombe la ma-klabu mwaka 1967 na 1968, na mutoto wa wakati ule alitembea kichwa juu. Ile furaha ilikuwa ya kweli. Lakini angalia: ilitoka kwa vijana waliojizoeza kila siku mu vumbi. Haikutoka ku hotuba.

4. Udongo umetupa nini mupaka leo?

Watu wenye kusema « tunashinda zote » wanapenda kuhesabu, basi sisi pia tuhesabu. Kongo iko na kilometa za mraba karibu 2,345,000 na inapakana na inchi tisa. Muto wetu ni wa pili mu dunia kwa wingi wa maji kisha Amazon. Pori yetu ya mvua ni sehemu kubwa ya pori ya pili mu dunia. Okapi na bonobo, huwezi kuwakuta mu pori ya inchi ingine yoyote. Virunga, iliyofunguliwa mwaka 1925, ndiyo parke ya kwanza ya Afrika. Kobalti yetu ni zaidi ya nusu ya kobalti yote yenye kuchimbwa mu dunia, na kwa shaba, mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 na ni Chile tu iliyotutangulia. Hakuna mutu anaweza kubisha hesabu hiyo.

Sasa tuhesabu upande mungine. Inga I ilianza kazi mwaka 1972, Inga II mwaka 1982. Kutoka Inga mupaka Kolwezi kulivutwa waya wa umeme wa kilometa karibu 1,700, kwa ajili ya migodi. Ule waya unapita juu ya mugini nyingi sana, na chini yake watu wanawasha koroboi. Mu inchi nzima, karibu mutu mumoja tu kati ya watano ndiye yuko na umeme. Mama anapika na makala ya miti chini ya waya wenye kubeba nguvu ya muto wa pili mu dunia. Tukitaka kufundisha mutoto ulizo letu bila maneno mengi, tumupeleke pale asimame, aangalie juu, kisha aangalie chini.

Ao tuchukue Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Mashini zilizeeka, feza ya kuzitengeneza ilikuwa imekulwa kwingine, na mwaka 1994 hata tani 40,000 hazikufika. Mu mulima shaba ilikuwa bado. Kilichopunguka kilikuwa kazi, utunzaji na uaminifu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa ku kazi kwa ile programu iliyoitwa ya kuondoka kwa hiari. Jamaa nyingi za muji huu zinajua hiari ile ilikuwa namna gani: watoto walitolewa ku masomo, baba akachukua jembe na kwenda kulima mbali, ao akashika chuma na kwenda kuchimba na mikono mu mashimo yasiyokuwa na mbao za kuyazuia.

Sisi walimu pia tuko mu hesabu hiyo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati leta ilishindwa kutulipa, ni wazazi maskini ndio walibeba masomo ya inchi tajiri, kila mwezi, na mutoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Mwaka 2019 masomo ya musingi yalitangazwa kuwa ya bure. Ku sekondari wazazi wanaendelea kuchanga. Kama inchi ingekuwa bora kwa sababu ya mawe yake, ingekuwa mawe ndiyo yanalipa walimu.

Mutu atasema: ni vita. Ni kweli, vita ya 1996 na 1997, kisha ile ya 1998 mupaka 2003, na zingine mashariki ambazo zilifuata, mupaka kuanguka kwa Goma mu Januari 2025 na Bukavu mu Februari, vimeua na kukimbiza watu wasiohesabika. Ndugu zetu wa Kivu na Ituri wanalipa bei ambayo sisi wa kusini hatuijui. Lakini hata vita ile inatufundisha jambo moja: utajiri usiokuwa na utaratibu unaita mwizi, wa nje na wa ndani. Mwizi wa nje peke yake asingeingia kama mulango haukufunguliwa.

5. Basi laana?

Hapo ndipo wale wa upande wa pili wanapiga mikono: « Munaona? Tumelaaniwa. Afazali tusingekuwa na kitu. » Tunawakatalia vilevile.

Tuangalie Botswana. Ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa kati ya inchi maskini kabisa, sehemu kubwa ni jangwa la Kalahari. Mwaka uliofuata almasi ilionekana ku Orapa. Hawakupigania ile almasi. Feza yake ilijenga barabara, masomo na hospitali. Haikukosa matatizo yake, lakini inatosha kuonyesha kama jiwe halina laana wala baraka. Jiwe ni jiwe. Mwenye kusema « tunashinda » na mwenye kusema « tumelaaniwa » wanafanya neno moja: wote wanaangalia udongo na kusahau watu. Wa kwanza anasubiri udongo umulishe, wa pili anaulaumu udongo kwa njaa yake.

6. Kile kilichofanywa na watu

Sasa tujaribu mizani ingine. Tuache mawe, tuulize: watu wa hii inchi walifanya nini na akili yao na mikono yao?

Ku Ishango, pale muto Semliki unatoka mu ziwa Edouard, Jean de Heinzelin alikuta mwaka 1950 mufupa wenye alama zilizokatwa kwa mafungu. Una miaka karibu 20,000. Wajuzi wanabishana juu ya maana yake, lakini wengi wanaona pale mutu aliyekuwa anahesabu. Waluba walikuwa na lukasa, ubao mudogo wenye ushanga na alama, ambao watu wa Mbudye waliusoma na vidole kwa kukumbuka wafalme, safari na sheria. Wakati mutu anatuambia wazee wetu hawakuandika historia, tumuonyeshe lukasa. Simon Kimbangu, mutu wa Bas-Congo, alifungwa mwaka 1921 na akafia mu gereza la Elisabethville mwaka 1951, kisha miaka 30 bila kukana. Denis Mukwege, munganga wa Panzi ku Bukavu, alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kushona miili ambayo vita ilipasua.

Na hapa kwetu, vitu vidogo ambavyo watu hawavitaji. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watu waliokuwa zamani maboyi wa wazungu, historia ya muji wa Elisabethville, na aliiandika kwa Kiswahili chetu hiki, hapana kile cha vitabu. Mu miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu alichora picha zaidi ya mia kwa kueleza historia ya inchi nzima, kutoka wazee wa zamani mupaka siku zake, na mwenyewe aliyaeleza yale mapicha kwa mudomo kwa Johannes Fabian. Hakuna aliyewatuma. Jean Bosco Mwenda wa Likasi aliimba Kiswahili na gitare lake, Hugh Tracey akamurekodi mwaka 1952, na wapiga gitare wa inchi za mbali wakakaa chini kujifunza vidole vyake. Ile ni mali pia, na hakuna mugodi ulioitoa.

7. Kushinda nani?

Linabakia neno moja. Kusema « nzuri kushinda zote » ni kusema kuko wengine tunaowashinda. Ni nani hao? Mipaka yetu ilipangwa na wazungu kwa ramani, mwaka 1885 na miaka iliyofuata. Walunda wako Kongo, Angola na Zambia. Mwata Kazembe wa ku Luapula ni tawi la jamaa ileile ya Mwaant Yaav. Shaba yetu haisimame ku Kasumbalesa; inaendelea mupaka Kitwe na ng'ambo yake. Mu muji huu, ni nani hana shangazi ao mujomba Zambia? Tukijisifu kuwashinda, tunajisifu kuwashinda wajomba wetu.

Tena, vile tunaviita vyetu, vingi vilikuja na miguu. Muhogo na mahindi, ambavyo bila hivyo hakuna bukari, vilitoka Amerika kupitia Wareno. M'siri mwenyewe alizaliwa Unyamwezi, mu Tanzania ya leo. Hadisi ya Wakuba inasema kama mufalme wao mukubwa, Shyaam a-Mbul a Ngoong, wa karne ya 17, alitembea kwanza kwa watu wengine wa mangaribi, akarudi na maarifa mapya, na hapo ndipo ufalme ukachanua. Hii lugha tunayoiandika ilikuja kutoka pwani kupitia Maniema, na wengi walioileta walikuwa na mizigo juu ya kichwa ao kamba ku shingo. Rumba, ambayo UNESCO iliiandika mu urizi wa dunia mu Desemba 2021 kwa jina la Kongo zote mbili, ilivuka bahari mu kifua cha watumwa, ikakaa Cuba, ikarudia kwetu mu sahani za gramofoni mu miaka ya 1930. Wazee walisema: mugeni njoo, mwenyeji apone. Wasingesema vile kama waliamini inchi yao imetimia na haina cha kujifunza.

8. Kile tunajibu

Basi tunamujibu mwanafunzi wetu nini? Tunamwambia hivi.

Hakuna mizani ya kupima inchi zote na kutoa ya kwanza, sawa vile hakuna ya kupima mama za watu. Kwa ukubwa wa udongo, maji na madini, Kongo iko mbele ya inchi nyingi. Ile ni kweli na usione haya kuisema, lakini usiiseme kama sifa yako, maana hukuiweka wewe. Kwa ginsi tunavyogawanya ile mali, tuko nyuma ya inchi nyingi. Ile nayo ni kweli, na iko yetu kabisa, kwa sababu ni sisi na wakubwa wetu tunaoifanya. Kwa kile wazee walifanya na akili yao, tunaweza kukaa ku meza moja na watu wote wa dunia, bila kujikweza na bila kuinama.

Sheria kubwa ya mwaka 2006 iliweka maneno matatu kuwa musemo wa inchi: Haki, Amani, Kazi. Hakuna neno shaba mule, wala almasi, wala kobalti. Maneno yote matatu ni mambo ya watu. Siku tutakapoweza kuyasoma bila kucheka, hatutahitaji tena kuuliza kama inchi yetu inastahili sifa.

Na kuko kazi ambayo haisubiri leta. Wazee waliofanya kazi ku Union Minière wanakwenda mumoja mumoja. Wale wenye kujua nyimbo za kichimba, majina ya tanuru, miiko ya kuyeyusha shaba, hesabu ya mahari kwa misalaba, tunawazika kila mwaka, na pamoja nao tunazika kurasa ambazo hakuna aliyeziandika. Ku masomo kwetu tumeanza kuwapa wanafunzi wa kalasi ya tano kazi ya likizo: kila mumoja akae na muzee wa jamaa yake, amuulize kazi yake ilikuwa nini na aliifanya namna gani, na aandike kwa lugha ileile muzee anatumia. Makaratasi yanarudi na makosa mengi ya kuandika, lakini mambo yaliyomo hatujayaona mu kitabu chochote. Tunaomba walimu wenzetu na wazazi wafanye vilevile, na wapelekee shirika letu yale wanayokusanya. Kalamu moja na daftari moja vinatosha kwa kuanza.